Mikono Nyuma

Wanaosema aibu humtoka mtu baada ya siku tatu hawajawahi kuwa walimu. Mwalimu huaibika mbele ya watoto ambao baadaye watakuwa makarani, manesi na mafundi umeme, na kila akikutana nao njiani wanamwamkia kwa heshima. Mimi naamkiwa sana. Kuna shikamoo zinazonichoma kuliko tusi.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, tena mzuri, na hilo ni moja kati ya machache ninayoweza kuyasema bila kuangalia chini. Ramani, mvua, tabaka za udongo, niamshe usingizini nikueleze. Kisha shule ikaletewa kompyuta ishirini, na mkuu wa shule akapitisha macho katika chumba cha walimu akitafuta wa kumtwisha. Macho yakatua kwangu, kwa kuwa niliwahi kuhudhuria semina ya kompyuta ya siku tatu. Hakuniuliza nilijifunza nini. Siku ya kwanza ilikuwa ya hotuba za kufungua, ya tatu ya hotuba za kufunga, na ile ya katikati tulibanana watu sita kwenye mashine moja, mimi nikiwa wa sita. Kipanya nilikishika mara moja tu, nilipokuwa namsogezea mwenzangu.

Ningesema tu, "Mkuu, sijui." Lakini alikuwa ameshatangaza kwamba mama yetu huyu ni mtaalamu, na walimu wawili vijana wa hisabati walikuwa wanatazamana na kutabasamu. Kichwa kikanivimba. Nikasema nitajitahidi.

"Na kitakachoharibika humo ni juu yako," mkuu akaongeza, akinikabidhi funguo.

Basi nikahakikisha hakiharibiki kitu. Chumba changu kilikuwa kisafi kuliko zahanati. Kila mashine niliishonea kitambaa cha buluu chenye pindo. Viatu vilivuliwa mlangoni, maana vumbi ni adui wa mitambo. Ukutani nilibandika kanuni saba kwa mwandiko wangu, na tatu za mwanzo zote zilianza na neno Usiguse. Wanafunzi walisimama mstari mmoja, mikono nyuma, kiganja juu ya kiganja, nami nikawaonyesha kwa ile fimbo ndefu ya ramani: hiki kioo, hii kibodi, hiki kipanya. Dakika kumi, kisha tunafunga mlango, tunarudi darasani kuandika. Walichora kibodi kwenye daftari, herufi kwa herufi, wakafanya mazoezi ya kuchapa juu ya karatasi kwa vidole vyote kumi. Darasa zima linachapa, na husikii ila mikwaruzo ya kucha.

Waliniita Mwalimu Usiguse. Nilijua, nikajitia hamnazo. Kusema kweli nilifurahi kidogo, kwa sababu mwalimu asiye na jina la utani hata wanafunzi wenyewe humsahau.

Na tulifaulu! Hapo ndipo shetani alipoweka kambi. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa karatasi: taja, eleza, fafanua. Wanangu walitaja, wakaeleza, wakafafanua mpaka mkaguzi akaja kuuliza siri yetu ni nini. Miaka mitatu mfululizo tuliongoza shule zote za jirani. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini maradhi yangu mimi yalikuwa yanapewa vyeti, na vyeti vinatundikwa ofisini kwa mkuu. Nani angekwenda kupima?

Aliyewashinda wote alikuwa binti mmoja ambaye wenzake walimwita Madaftari. Madaftari yake yalikuwa na majalada ya gazeti, mistari miwili myekundu pembeni, na huwezi kuona pembe iliyokunjika. Mama yake alikuwa fundi cherehani mtaa wa nyuma ya shule, mjane, amemlea yeye na mdogo wake kwa kukanyaga pedali. Madaftari alikuwa akimaliza kidato cha nne wakati hospitali kubwa ilipotangaza nafasi ya mafunzo katika masijala, pale zinapotunzwa kumbukumbu za wagonjwa. Nafasi ilikuwa moja tu. Atakayeipata atafundishwa mwaka mzima, kisha ataajiriwa. Kila shule ilete mwanafunzi mmoja, na barua ya mwalimu wa kompyuta.

Mama yake alinifuata mpaka getini. "Mwalimu, akiipata hii, mdogo wake naye atasoma. Macho yangu yameanza kukataa uzi." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtoto wake ni dhahabu. Nikaandika barua: Ametumia kompyuta kwa miaka minne na anaimudu vizuri sana. Niliiandika kwa kalamu ya wino, nikampa karani wa ofisi aichape.

Siku ya usaili nilikwenda naye mwenyewe. Masijala ilikuwa chumba kirefu chenye rafu hadi darini, mafaili ya kahawia yamejaa, wanawake wawili wanapanda na kushuka ngazi wakiyachomoa. Pembeni palikuwa na meza ya kompyuta mbili. Mkuu wa masijala alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, kalamu mbili kazichomeka nyweleni, hana maneno mengi. Alinipa kiti ukutani, akanishukuru kwa kuja. Walimu wengine, alisema, wanatuma barua tu.

Wa kwanza alikuwa kijana wa shule moja ambayo sisi tuliipita kwa alama kila mwaka. Alipewa karatasi yenye majina ishirini ya wagonjwa wa kubuni, ayaandike, ayapange kwa alfabeti, ayahifadhi. Kabla sijapata mkao mzuri kitini, amemaliza. Mkuu wa masijala akamuuliza shuleni kwao wana mashine ngapi.

"Tatu, mama, na moja inakufa kila tukiwasha feni. Vitufe viwili vya kibodi vimeng'oka, tunabonyeza kwa ncha ya penseli."

Alicheka, na mkuu wa masijala naye akacheka. Mimi nikaona kijana hana adabu ya vifaa.

Kisha akaitwa Madaftari. Alifika mlangoni, akainama, akavua viatu, akavipanga ukutani sambamba. Mmoja wa wale wanawake wa ngazi akamwambia, "We binti, sakafu ya saruji hiyo, utapata baridi." Akatabasamu kwa heshima, akaingia na soksi. Akasimama mbele ya kompyuta, hatua moja nyuma yake, mikono nyuma, kiganja juu ya kiganja.

Ndugu msomaji, kile nilichokuwa nikikiona kila juma na kukiita nidhamu, siku ile nilikiona kwa macho ya wengine.

"Kaa," mkuu wa masijala akamwambia. Akakaa, mikono ikazunguka mgongo wa kiti. "Haya, majina ndiyo hayo. Anza."

Madaftari akaomba karatasi na kalamu. Akapewa, mkuu wa masijala akidhani anataka kupanga majina kwanza. Akaandika kwa dakika nyingi, akapiga mstari pembeni, akamkabidhi. Mkuu wa masijala akasoma kwa sauti. "Hatua ya kwanza: hakikisha mashine imeunganishwa na umeme. Hatua ya pili: washa kwa kitufe kikuu. Hatua ya tatu..." Zilikuwa hatua kumi na saba. Akazisoma zote, kisha akaiweka karatasi mezani taratibu.

"Hujakosea hata moja," alisema. "Hata mimi nisingeweza kuzieleza hivi. Sasa fanya."

Madaftari hakumtazama yeye. Aligeuka, akanitafuta mimi pale ukutani.

"Mwalimu," akasema, "niguse?"

Ngazi za mafaili zikaacha kulia. Nilitikisa kichwa kukubali. Mkono wake wa kulia ukaja mbele, ukafika juu ya kibodi, ukasimama hapo hewani. Herufi alizijua zote zilipo, angeweza kuzichora amefumba macho. Mkono ukarudi nyuma.

"Siwezi," alisema.

Mkuu wa masijala alikuwa mtu mwema. Hakucheka. Alinigeukia mimi. "Pengine ni woga tu. Mwalimu, hebu njoo umsogelee mwanao, mfungulie ukurasa aanze."

Nikasimama. Kutoka ukutani mpaka kwenye ile meza ni hatua sita. Nilipiga mbili. Niliona kile kioo kimewaka, kina vipicha vidogo vidogo vimejipanga, na nikajua kwamba sijui hata kimoja ni cha nini. Maji yakanifika shingoni, nikasema neno la kwanza lililokuja.

"Nimesahau miwani."

Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani pangu kwa kamba yake. Mkuu wa masijala aliitazama. Wale wanawake wa ngazi waliitazama. Nami nikainamisha kichwa, nikaiona. Nimewahi kusikia watu wakisema walitamani ardhi ipasuke iwameze, nikadhani wanatia chumvi.

Aliyenusuru hali, au aliyeizamisha, alikuwa Madaftari. "Mashine zetu zimekufa, mama," alisema haraka. "Zote. Tangu tulipokuwa kidato cha kwanza. Mwalimu anatufundisha kwa kuchora."

"Zimekufa?" Mkuu wa masijala akaichomoa barua yangu kwenye faili. "Mbona barua inasema ametumia kwa miaka minne?"

Hapo nilipewa nafasi. Haikuwa nafasi ndogo, ilikuwa pana kama mlango wa ghala. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

"Ni mimi niliyemwomba aandike vile," Madaftari akasema. "Nilimlilia. Mwalimu akanihurumia."

Mkuu wa masijala akazichomoa zile kalamu nyweleni, akazilaza juu ya barua. "Binti yangu, kutojua si kosa. Ungeniambia hivyo tangu mwanzo ningekupa wiki mbili hapa, na kwa kichwa chako hicho ungejifunza. Lakini humu ndani mna majina ya watu na maradhi yao. Mtu anayeomba aandikiwe uongo siwezi kumkabidhi hayo." Akairudisha barua kwenye faili. "Orodha naipeleka utawala kesho, kabla sijafunga ofisi saa kumi. Pole sana." Kisha akanigeukia. "Nawe mwalimu, huruma nyingine ni sumu."

Nikaitikia. Nilisema, "Ni kweli." Nilikubali kukaripiwa kwa kosa la kuwa na moyo mwema.

Tulirudi kwa miguu. Yeye alitangulia hatua moja, nami nikamfuata nikitazama visigino vyake. Njiani ndipo siku moja ya kidato cha kwanza iliponirudia, siku ambayo nilikuwa nimeizika na kuisawazishia udongo. Mkaguzi alikuwa amepita asubuhi na kuacha kompyuta moja imelala bila kuzimwa. Wanafunzi walipojipanga, kitoto kimoja chembamba kikanyoosha kidole na kubonyeza. Kioo kikawaka. Darasa zima likasema "Aaa!" kwa furaha. Katikati ya kioo kulitokea kisanduku kinachotaka neno la siri, na macho arobaini yakanigeukia mimi, yakisubiri. Mimi nilichofanya nilimchapa yule mtoto kwa fimbo ya ramani, juu ya vidole, mara mbili, kisha nikachomoa waya ukutani. Sikumchapa kwa kuvunja kanuni. Nilimchapa kwa sababu aliniuliza swali mbele za watu bila hata kufungua mdomo. Kitoto hicho ndicho hiki kilichotangulia mbele yangu. Tangu siku ile hakugusa tena, akahamishia akili yake yote kwenye madaftari, nami nikawa namsifu.

Usiku sikulala, na asubuhi sikufundisha. Saa saba na nusu mchana mdogo wake akaja chumba cha walimu. "Shikamoo mwalimu. Mama anakuita."

Nilijua nakwenda kusutwa, na nilikwenda kwa miguu mizito lakini kwa nafuu fulani. Mtu aliyekosa hutamani apigwe yaishe.

Mama fundi alikuwa ameisukuma cherehani yake ukutani ili chumba kipate nafasi. Vipande vya nguo vilikuwa vimefagiliwa kwenye kona moja, na kigoda kimoja kimefunikwa kitambaa safi. Madaftari alikaa chini karibu na mlango wa ndani, macho kwenye sakafu. Mama alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwalimu wangu, karibu ukae. Nimekusumbua."

"Hujanisumbua, mama."

"Nimekuita tukuombe radhi." Hakuniangalia usoni. "Mtoto ameniambia yote. Kwamba alikulilia mpaka ukaandika uongo, kisha akakuaibisha mbele ya wakubwa. Mwalimu wa miaka yote hiyo! Sikumlea hivyo, wallahi sikumlea hivyo. Miaka minne unahangaika naye na mashine mbovu, halafu haya ndiyo malipo." Akavuta mfuko uliokuwa chini ya cherehani, akatoa blauzi ya kijani iliyokunjwa vizuri. "Nimeianza alfajiri. Nimekupima kwa macho tu, kama itabana niambie. Si kitu, ni ya kufuta machozi."

Akaiweka mapajani pangu. Mishono ilikuwa midogo na imenyooka, ila kwenye kola, ambapo ilipinda kidogo na kurudi, kama mishono ya mtu ambaye macho yake yameanza kukataa uzi.

Ningeweza kuipokea. Nasema hivi ili nisijipambe: kwa kitambo kidogo nilifikiria kuipokea, niseme haidhuru, watoto ndivyo walivyo, nitoke. Ndimi niliyekuwa nimefikia hapo.

"Mama," nikasema, "usiniombe radhi. Mashine si mbovu. Ni nzima zote ishirini."

Akaniangalia sasa.

"Mimi ndiye sijui kuzitumia. Sijawahi kujua. Ile barua niliiandika mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, mtoto wako hakunililia. Jana alidanganya ili kuniokoa, nami nikamwacha. Niliketi pale nikamtazama akijichoma, nikanyamaza." Nikamweleza na habari ya vidole na fimbo. Nilieleza vibaya, mwisho mbele na mwanzo nyuma, mimi niliyezoea kutoa pointi kwa mpangilio.

Mama fundi hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Alimgeukia mwanawe. "Wewe ulijua kwamba mwalimu hajui?"

Madaftari alichezea uzi wa sketi yake. "Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile alipochomoa waya." Akanitupia jicho, akaliondoa upesi. "Sote tulijua, mwalimu. Darasa zima. Monita alisema mtu yeyote asikuulize swali la kompyuta, utaona haya. Wale waliokuwa na kompyuta nyumbani tuliwaambia wajifanye hawajui. Na kidato cha kwanza wapya wakija, tunawaambia nao." Alisema hivi kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa habari yake. "Tulikuwa tunakusitiri."

Sijui kama nimewahi kuadhibiwa hivyo. Miaka yote ile nilidhani nimewaficha watoto jambo, kumbe watoto ndio walionifunika. Ile mikono nyuma haikuwa woga wa fimbo yangu. Ilikuwa huruma, tena ya watoto wa miaka kumi na minne, na niliipokea kila juma nikidhani ni heshima.

Mama akavuta pumzi ndefu. "Mmemsitiri yeye," alisema, "mkajivua nguo nyinyi."

Nikateremka kwenye kigoda, nikakaa sakafuni, mbele ya Madaftari. Blauzi ilianguka, nikaiokota. "Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. Miaka ishirini na minane ya chaki, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia mwanafunzi neno hilo.

Akajibu papo hapo, kwa mazoea, na tabasamu lile lile alilowapa wale wanawake wa ngazi. "Haina neno, mwalimu."

"Ina neno," mama yake akasema. Alikuwa ameshasimama, anavuta mtandio wake kutoka kwenye msumari. "Masijala wanafunga saa kumi, na sasa hivi ni saa nane. Inuka, mwalimu. Twende ukayaseme haya haya kule."